ORS na zinki kwanza: tathmini ya dawa za tumbo katika maduka yetu ya dawa

Katika kabati la duka lolote la dawa muhimu nchini Tanzania, dawa za tumbo hukaa karibu karibu: pakiti za ORS (unga wa chumvi na glukosi wa kuyeyushwa katika maji ya kunywa), vidonge vya zinki, Flagyl, Plasil, kapsuli za loperamidi, Phenergan ya maji, Dulcolax na chupa ya laktulosi. Mteja huingia, husema tumbo linamsumbua, na baada ya maneno machache huondoka na dawa moja au mbili ndani ya bahasha ya karatasi. Dawa hizi nimezitumia mwenyewe na kuwapa watu wa nyumbani kwangu kwa miaka mingi, nimesoma vikaratasi vyake vya maelezo pamoja na miongozo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na katika tathmini hii nazipima kwa swali moja ambalo naona halipewi nafasi pale dirishani: je, dawa hii inashughulikia kinachomuua mgonjwa, au inashughulikia kinachomkera tu?

Kuhara kunaua kwa njia moja kuu, nayo ni kukaukiwa. Mwili unapopoteza maji na chumvi kwa kasi kuliko unavyovirudisha, damu hupungua, mkojo huadimika, macho huingia ndani, utosi wa mtoto mchanga hubonyea, na ngozi ya tumbo ukiifinya huchelewa kurudi mahali pake. Kwa makadirio ya WHO, zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya umri wa miaka mitano hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuhara, na wengi wao wangeweza kuokolewa na dawa ambayo, katika maduka ninayonunua, bei yake iko karibu na ya chupa ya soda. Ndiyo maana ORS naiweka juu ya dawa nyingine zote za kabati hilo, na sehemu kubwa ya tathmini hii inaihusu yenyewe na mwenzake zinki.

Ndani ya pakiti ya gramu 20.5 mna vitu vinne tu: glukosi gramu 13.5, sitrati ya sodiamu gramu 2.9, chumvi ya kawaida gramu 2.6 na kloridi ya potasiamu gramu 1.5, vyote vya kuyeyushwa katika lita moja ya maji. Vipimo hivyo havikubahatishwa. Katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayoingiza sodiamu mwilini ikiwa imeambatana na glukosi, na sodiamu ikishaingia, maji huifuata. Njia hiyo hubaki ikifanya kazi hata mgonjwa akiwa na kipindupindu, ugonjwa unaoweza kumtoa mtu mzima lita nyingi za maji kwa siku moja. Fomula ya zamani, iliyoenezwa na WHO na UNICEF tangu miaka ya 1970, ilikuwa na sodiamu na glukosi nyingi zaidi. Ya sasa, iliyoanza kutumika baada ya mwaka 2002, imepunguzwa ukali, na majaribio yaliyofanywa kwa watoto yalionyesha kwamba, ikilinganishwa na ile ya zamani, wingi wa choo ulipungua kwa takriban asilimia 20, kutapika kwa asilimia 30, na haja ya kuongezewa dripu kwa asilimia 33.

Wapo wengi miongoni mwetu wanaoamini kwamba tiba ya kweli ni dripu, na kwamba pakiti ya unga ni ya kumshikiza mgonjwa wakati anasubiri kutundikiwa. Historia inaonyesha vingine. Mwaka 1968, madaktari Richard Cash na David Nalin, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya utafiti wa kipindupindu mjini Dhaka, walithibitisha kwamba wagonjwa waliokunywa mchanganyiko wa chumvi na glukosi walihitaji maji ya mshipani machache sana kuliko wenzao. Miaka mitatu baadaye, vita vya ukombozi wa Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis alijikuta Bangaon na wagonjwa wa kipindupindu wasio na idadi huku chupa za dripu zikimwishia. Aliamua kuwanywesha mchanganyiko huo, ndugu wa wagonjwa wakishiriki kuwapa, na vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Dripu ina nafasi yake, nayo ni kwa mgonjwa aliyelegea kabisa, aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza. Anayeweza kunywa, anyweshwe.

Sasa niieleze jinsi ilivyo mkononi. Unga mzuri wa ORS ni mkavu na hutiririka pakiti inapochanwa. Ulioganda kuwa bonge au kugeuka rangi ya kahawia ni wa kurudisha dukani, hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi haijafika. Ukishayeyuka, ladha yake ni ya chumvi hafifu yenye utamu kwa mbali, na chumvi hiyo haipaswi kuzidi ile ya machozi. Mtoto aliyekaukiwa huinywa kwa pupa bila kubembelezwa, ilhali aliyekwisha kurudishiwa maji huanza kuikunjia uso, na mara nyingi kukunja uso huko ni dalili njema. Zipo pia pakiti zenye ladha ya chungwa, ambazo nimeona zikiwarahisishia watoto wakubwa kidogo; kitabibu hazizidi zile za kawaida, kwa hiyo asiyezipata asihangaike.

Kasoro yake kubwa iko kwenye kipimo. Pakiti inasema lita moja, lakini nyumba nyingi hazina chombo cha lita moja. Zina jagi la plastiki lisilo na alama, kikombe cha bati na sufuria. Mama anayechanganya kwa kukadiria anaweza kupata mchanganyiko mzito mno, ambao huzidisha chumvi katika damu ya mtoto na unaweza hata kumletea degedege, au mwepesi mno usiorudisha chumvi iliyopotea. Wengine huchota nusu ya unga na kuihifadhi nusu nyingine kwa ajili ya kesho, jambo linaloharibu vipimo vyote viwili. Njia ninayoipendekeza ni chupa mbili za maji ya kunywa za nusu lita, zile zinazouzwa kila mahali: zioshwe vizuri, zijazwe maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha maji ya chupa zote mbili yamiminwe katika chombo kisafi na unga wote utiwe humo mara moja. Mchanganyiko hauchemshwi tena, hauongezwi sukari wala juisi, na unaobaki baada ya saa 24 humwagwa.

Tatizo hilo la kipimo lina ufumbuzi unaojulikana, na inanisikitisha kwamba haujaenea katika maduka yetu. Nchini Zambia, mradi wa ColaLife ulitengeneza kasha liitwalo Kit Yamoyo, lenye pakiti ndogo za ORS za mililita 200, vidonge vya zinki na sabuni, na kasha lenyewe likawa ndilo chombo cha kupimia na kunywea. Katika majaribio yao, asilimia 93 ya waliolitumia walichanganya kwa kipimo sahihi, dhidi ya asilimia 60 ya waliotumia pakiti za lita moja. Mwaka 2019, WHO iliingiza ORS na zinki zilizofungashwa pamoja katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto. Kwa hiyo viwanda vyetu havihitaji kubuni kitu kipya. Vinahitaji kupunguza ukubwa wa pakiti, kuweka mstari wa kipimo juu ya kifungashio na kuandika maelekezo kwa Kiswahili cha maandishi makubwa. Maelekezo ya pakiti nyingi nilizozishika yako kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo bibi anayelea wajukuu hawezi kuzisoma hata akivaa miwani.

Kuhusu kiasi, mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, wa miaka miwili hadi kumi hupewa mililita 100 hadi 200, na mkubwa hunywa kadiri anavyoweza. Kosa linalowakatisha watu tamaa ni kumpa mtoto kikombe kizima kwa mkupuo. Tumbo lililovurugika hukirudisha kikombe hicho chote, na mzazi huhitimisha kwamba dawa imekataliwa. Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili hukaa. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha uanze tena polepole zaidi. Ni kazi inayochosha, hasa usiku, na inafaa wawili wapokezane. Lakini katika kabati lote lile hakuna kidonge kinachoweza kuifanya badala yao. Anayenyonya aendelee kunyonyeshwa, na anayekula aendelee kupewa chakula.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji anapaswa kulisema kila anapotoa ORS, nalo ni kwamba dawa hii haikusudiwi kukata kuhara. Mzazi asiyeambiwa hivyo huona mtoto amekunywa asubuhi na mchana bado anaharisha, anarudi dukani kulalamika, na hapo ndipo antibaotiki isiyohitajika inapoingia. Kipimo cha mafanikio ya ORS ni mkojo unaorudi, machozi yanayotoka mtoto akilia, mdomo wenye unyevu na macho yenye uhai.

Anayetaka kuhara kufupishwe apewe zinki, kama ni mtoto. Mwaka 2004, WHO na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kutaka mtoto anayeharisha apewe zinki sambamba na ORS: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi sita na kuendelea, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Vidonge vingi vilivyoko madukani ni vya miligramu 20, vina mstari wa kuvunjia katikati, na vikiwekwa kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama huvimba na kusambaratika bila kusagwa. Faida yake ni mbili: huharakisha kupona, na hupunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Faida hii ya pili ndiyo inayopotea nyumbani, kwa sababu kuhara kukikoma siku ya tatu, vidonge vilivyobaki husahaulika juu ya friji. Ladha ya metali humfanya mtoto atapike mara moja moja, hasa akiwa na njaa. Kwa hayo yote naipa zinki alama za juu, na nashangaa kuona bado kuna maduka yanayoiuza ORS peke yake.

Kwa nini basi mteja anayekuja na mtoto anayeharisha haondoki na vitu hivi viwili? Katika duka moja ambalo sitalitaja, niliomba ORS na zinki nikaulizwa kama sitaki “dawa yenyewe”, nikawekewa mbele Flagyl na loperamidi za mtoto wa umri wa kutambaa. Nilidhani sababu ni faida, hadi niliposoma utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2024. Watafiti waliwatuma watu waliojifanya wazazi wa watoto wanaoharisha kwa wahudumu zaidi ya 2,000 katika majimbo ya Karnataka na Bihar nchini India. Kumwondolea mhudumu faida ya kuuza dawa nyingine hakukubadilisha mengi, na kuhakikisha ORS ipo dukani kuliongeza kidogo tu utoaji wake. Kilicholeta tofauti kubwa ni mzazi kusema mwenyewe kwamba anataka ORS: hapo utoaji wake ulipanda kwa pointi 27 za asilimia. Wahudumu walikuwa wakidhani wateja hawaitaki. Maduka yetu ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yana watoa dawa waliopitia mafunzo, na naamini wengi wao wanajua kinachofaa. Mteja aitaje ORS kwa jina lake, na zinki pia.

Vinywaji vinavyotumiwa badala ya ORS havilingani nayo. Soda na juisi za pakiti zina sukari nyingi mno, na sukari hiyo ikiwa ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini, hivyo huongeza kuhara. Madafu, ambayo sisi wa pwani tunayapenda na kuyasifia, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo. Ni kinywaji kizuri cha kuongezea, hasa kwa mtu mzima mwenye kuhara kwa kawaida, lakini hayatoshi kwa mtoto aliyeanza kukaukiwa. Uji mwepesi wa mchele au mahindi wenye chumvi kidogo uko karibu zaidi na lengo, na ndio ninaoupendekeza wakati mtu amekwenda kutafuta pakiti.

Flagyl, yaani metronidazoli, ni dawa nzuri iliyopewa kazi isiyo yake. Inaua vimelea vya amiba na giardia, na baadhi ya bakteria wasiohitaji hewa. Haigusi virusi vya rota, ambavyo kwa miaka mingi ndivyo vilivyoongoza kwa kuwaharisha watoto wadogo na ambavyo Tanzania ilianza kuvikinga kwa chanjo katika ratiba ya kawaida mwaka 2013, wala si chaguo la kwanza katika kuhara damu kwa mtoto, ambako mara nyingi msababishi ni bakteria aitwaye shigela. Anayeimeza kwa kila tumbo la kuuma huambulia mdomo wenye ladha ya shaba, kichefuchefu, na usugu wa vimelea ambao utamgharimu siku atakapoihitaji kweli. Kinyesi kikapimwe kwanza. Maabara ndogo za zahanati zinaweza kuona amiba na giardia kwa hadubini, na majibu hupatikana siku hiyo hiyo.

Loperamidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Imodium, inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu ndiyo inayowavutia watu kwa kasi yake. Iligunduliwa mwaka 1969 katika maabara za Janssen nchini Ubelgiji. Ni ya jamii moja na mofini, dawa kali ya maumivu, ila kwa vipimo vya kawaida haifiki kwenye ubongo. Hupunguza mwendo wa utumbo ili maji yapate muda wa kufyonzwa. Kwa mtu mzima mwenye kuhara maji, asiye na homa wala damu kwenye choo, na ambaye lazima apande basi la kwenda Mwanza alfajiri, ni msaada wa kweli: kapsuli mbili za miligramu 2 mwanzoni, kisha moja baada ya kila kuhara, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kikaratasi, na ORS ikiendelea kunywewa. Mwenye homa au choo chenye damu asiiguse, maana kuusimamisha utumbo wenye maambukizi makali ni kuyafungia maambukizi hayo ndani. Kwa mtoto mdogo, jibu langu ni hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 matone ya dawa hii yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto yaliondolewa sokoni baada ya vifo vya watoto wachanga nchini Pakistan ambao matumbo yao yalisimama kabisa. Vilevile, anayeitumia kupita kiasi anaweza kuharibu mapigo ya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2016.

Nikigeukia kutapika, jambo la kwanza katika nchi zetu halimo kabatini. Mtoto mwenye homa anayetapika apimwe malaria kabla ya kupewa chochote cha kutuliza kutapika, kwa sababu kipimo cha haraka huchukua kama robo saa tu na ugonjwa wenyewe haungoji. Anayetapika nyongo ya kijani au damu, mwenye shingo ngumu, au asiyeweza kubakiza hata kijiko cha maji, ni wa hospitali.

Plasil, yaani metoklopramidi, ndiyo inayotolewa kwa wingi, na ndiyo ninayoitilia shaka zaidi miongoni mwa dawa za kutapika. Inafanya kazi, hasa kwa kichefuchefu kinachotokana na tumbo lisilosukuma chakula. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa watoto na vijana, husababisha misuli kukaza ghafla: shingo inapinda upande, taya linajifunga, macho yanapanda juu na kubaki huko, na mgonjwa yu macho na anasikia kila kitu. Mtu akiona hali hiyo kwa mara ya kwanza, ni rahisi kudhani ni degedege au mashetani, na mgonjwa akapelekwa kwingine badala ya kurudishwa kituo cha afya, ambako sindano moja huiondoa kwa muda mfupi. Mwaka 2013, mamlaka ya dawa ya Ulaya iliizuia kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, ikaweka kikomo cha siku tano na miligramu 30 kwa siku kwa mtu mzima. Anayeuziwa Plasil aelezwe kuhusu shingo. Ni sentensi moja tu, na sijawahi kuisikia ikisemwa dirishani.

Phenergan ya maji, yaani promethazini, ni tamu na humlaza mtoto, na kwa sababu hiyo wazazi huipenda. Usingizi huo ndio hatari yake. Tangu mwaka 2004, Marekani imeiwekea onyo kali kwamba isitolewe kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kudidimiza upumuaji hadi kifo. Na hata kwa mkubwa zaidi, mtoto aliyelazwa na dawa hanywi ORS, na mzazi hawezi kujua kama amesinzia kwa dawa au kwa kukaukiwa. Mahali inapofaa ni kwenye safari. Kwa mtu mzima anayeugua baharini kati ya Dar es Salaam na Unguja, kidonge cha promethazini au cha sinarizini kinachomezwa mapema kabla ya boti kung'oa nanga hufanya kazi nzuri. Kikimezwa baada ya mawimbi kuanza kimechelewa, na mara nyingi hurudi na chai ya asubuhi.

Ondansetroni ndiyo iliyo bora katika kundi hili. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1991 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na dawa zao, na ilibadilisha maisha yao. Haisinzishi na haipindi shingo. Ipo ya kuyeyuka mdomoni, na hospitalini dozi moja humsaidia mtoto anayetapika mfululizo kutulia vya kutosha ili aweze kunywa ORS, jambo linalomwepusha na dripu. Huo ndio utumizi ninaouthamini: dawa ya kutapika iwe ya kufungulia njia maji ya kunywa. Madhara yake ni maumivu ya kichwa na kufunga choo, na kwa wenye matatizo ya mapigo ya moyo ni ya kutolewa kwa uangalizi. Ni ya cheti cha daktari, na iendelee kuwa hivyo.

Mama mjamzito asijinunulie dawa yoyote ya kichefuchefu bila kupitia kliniki. Thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikatolewa hata kwa wajawazito wenye kichefuchefu cha asubuhi, na hadi ilipoondolewa mwaka 1961 zaidi ya watoto 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyoharibika au wakaja kuzaliwa hivyo. Leo zipo dawa zenye ushahidi wa usalama, mfano vitamini B6 pamoja na doksilamini, na tangawizi pia husaidia kichefuchefu chepesi. Anayetapika hadi kupungua uzito alazwe.

Upande wa pili wa kabati, wa kufunga choo, hauui kwa haraka, lakini humtesa mtu kwa aibu na kimya. Hapa watu hukimbilia dawa kali. Dulcolax, yaani bisakodili, huusukuma utumbo kwa nguvu. Kidonge cha miligramu 5 kikimezwa usiku, choo huja asubuhi, kati ya saa 6 na 12 baadaye. Kimefunikwa kwa ganda lisiloyeyuka tumboni, hivyo hakitafunwi, hakisagwi, wala hakimezwi na maziwa au dawa za kiungulia, vinginevyo ganda huvunjika mapema na kuleta msokoto mkali. Sanamaki inayouzwa Kariakoo na Darajani hufanya kazi kwa namna ileile, tofauti ikiwa kwamba kipimo chake hakijulikani: gao moja la majani linaweza kuwa hafifu na jingine likamlaza mtu chooni mchana kutwa. Majani hayo hayo ndiyo yaliyomo katika nyingi ya chai za kupunguza unene na “kusafisha tumbo”. Kinachopungua kwa chai hizo ni maji na potasiamu, si mafuta ya mwili.

Kwa matumizi ya zaidi ya siku chache naipendelea laktulosi. Ni sharubati nzito, tamu sana, isiyofyonzwa. Huvuta maji ndani ya utumbo mpana na kulainisha choo. Huchukua siku mbili hadi tatu, na anayeinywa leo akitarajia matokeo leo atasema haifai. Gesi huongezeka mwanzoni, na bei yake imeizidi mbali ile ya bisakodili. Maganda ya isapgoli, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi, nayo ni mazuri, ila lazima yanywewe na glasi nzima ya maji, maana yakikosa maji huvimba na kukwama njiani. Kabla ya yote hayo kuna dona badala ya sembe, maharage, papai, mboga za majani na maji ya kutosha, na kwa watu wengi hayo humaliza tatizo. Aliyevimba tumbo ghafla, anayetapika na asiyepitisha choo wala hewa, asipewe dawa yoyote ya kuharisha: utumbo wake unaweza kuwa umejisokota au umeziba, na huyo ni mgonjwa wa upasuaji. Mzee ambaye choo chake kimebadilika pasipo sababu, mwenye damu au anayekonda, achunguzwe kwanza.

Makundi mawili hufungwa choo na dawa walizopewa hospitalini, na mara nyingi hakuna anayewaonya. La kwanza ni wajawazito wanaomeza vidonge vya kuongeza damu, ambao wengi huviacha kimyakimya kwa sababu ya choo kigumu na cheusi. Weusi huo ni wa madini ya chuma na hauna madhara, na ugumu hutibika kwa laktulosi bila kuviacha vidonge. La pili ni wagonjwa wa saratani wanaotumia mofini ya maji, kama ile inayotolewa na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mwili huzoea usingizi na kichefuchefu cha mofini baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuzoeleki, na nimemwona mgonjwa akipunguza dawa ya maumivu kwa sababu choo kilimtesa kuliko saratani yenyewe. Kwa hao, maganda ya nyuzinyuzi hayafai. Wanahitaji dawa ya kusukuma, bisakodili au vidonge vya sena (sanamaki), mara nyingi pamoja na laktulosi, kuanzia siku ileile mofini inapoanza. Ndugu anayekwenda kuchukua mofini aombe dawa hizo palepale, na zikikosekana katika famasi ya hospitali azinunue njiani kabla hajafika nyumbani.